Marekani bosi na mfagizi wanavaa fulana ya aina moja. Matabaka yao yamejificha wapi?

Kipande cha Muhogo (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ukifunguliwa uzi wa maisha ya mamtoni humu, wachangiaji wanagawanyika pande mbili: wanaosema kule ni pepo ya dunia, na wanaosema kule ni kubeba boksi mpaka unazeeka. Mimi nabeba boksi, sikatai, ila boksi langu ni binadamu. Nahudumia wazee majumbani hapa Houston, Texas. Kazi hii ina kitu kimoja ambacho dereva wa lori au mtu wa ghalani hakipati: asubuhi naingia jikoni kwa tajiri, usiku narudi kulala kwa maskini, na kote nakaa muda wa kutosha kuona wanavyoishi.

Bongo tajiri unamjua kabla hajashuka kwenye gari. V8, simu mbili, mlinzi anakimbilia geti, kila anayepita "shikamoo bosi". Hapa ukija na macho hayo utapotea. Mzee ninayemhudumia anaishi ule ukanda wa River Oaks, nyumba ambayo sebule yake peke yake inameza apatimenti yangu yote na nafasi inabaki. Lakini anashinda na fulana iliyotoboka kwapani. Siku ya kwanza alinipa mkono akataka nimwite kwa jina lake la kwanza, mtu wa miaka themanini na ushee! Mdomo ulikataa. Nikamwita Babu, akaipenda, mpaka leo ni Babu. Mwanaye ana kampuni ya mambo ya mafuta, na akija ananiuliza habari za nyumbani, anajimiminia kahawa mwenyewe na kikombe anasuuza mwenyewe. Kwa tuliowahi kufanya kazi za ndani Masaki, hapo tayari ni maajabu.

Ukiishia hapo unaweza kuandika kwamba Marekani hakuna matabaka. Wenyewe wanapenda kuamini hivyo. Muulize mwenye majengo ya kupangisha, muulize na anayemhudumia mezani, wote wawili watakuambia ni watu wa maisha ya kati. Sasa subiri kitu kidogo kiharibike.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa kizungu, Mmarekani wa kuzaliwa, ana watoto wawili, anahudumia mezani mgahawani. Kwa wasiojua: sheria ya taifa inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango hichohicho tangu 1991, na Texas inafuata hicho hicho. Zinazobaki anazitafuta kwa tabasamu. Usiku mmoja alirudi shifti, akaegesha pale pale anapoegesha siku zote. Stika yake ya maegesho ilikuwa imekwisha muda. Asubuhi gari halipo, bredauni limelivuta. Kulikomboa ni dola mia mbili na ushee, na kila siku linapolala yadi deni linapanda. Mshahara ulikuwa bado. Bila gari hafiki kazini, maana basi la mwisho la upande ule linakata kabla mgahawa haujafungwa. Akakosa shifti mbili, ile meza nzuri ya Ijumaa akapewa mwingine. Benki nayo ikamkata ada kwa sababu bili ya simu ilijivuta yenyewe akaunti ikiwa tupu. Mwisho akaenda kwenye yale maduka ya mkopo wa kusubiria mshahara. Nyie mnaita kausha damu, na hapa ipo, ina bango la taa kabisa, na ukipiga hesabu ya mwaka, riba na ada zake zinaweza kupita asilimia 400. Stika ya karatasi, wakuu. Alikuja kumaliza lile deni watoto wameshafunga shule.

Mwezi huohuo gari la mtoto wa Babu lilizima barabarani. Alipiga simu moja. Wakaja kulichukua, wakamwachia jingine la kutumia, akawahi chakula cha jioni. Hata hakulizungumzia. Mimi nilijua kwa sababu niliona gari geni uani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Tabaka la Marekani usilitafute kwenye nguo wala kwenye salamu. Angalia jambo dogo likiharibika linamgharimu nani kiasi gani. Benki kuu yao hufanya utafiti kila mwaka kuuliza watu wangelipaje dharura ya dola 400, na miaka ya karibuni kama asilimia 37 ya watu wazima wasingeweza kuilipa yote kwa fedha taslimu au kwa kadi inayomalizwa bili ikija. Nchi ile ile ambayo asilimia moja ya juu inashika karibu theluthi moja ya mali yote ya kaya, na nusu nzima ya chini inagawana kama asilimia 2.5.

Nawasilisha. Povu ruksa.

Mzee wa Kona

Nakaa pembeni nisome. Endelea mkuu.

Sina Nauli

Mleta mada hii chai. Jirani yako ana gari, ana friji, ana kiyoyozi, watoto wanasoma, halafu unamwita maskini? Njoo Mbagala nikuoneshe maskini. Huku mwenye gari tunampisha njia.

Kipande cha Muhogo

@Sina Nauli nilijua utakuja. Houston gari ni miguu, mkuu, siyo mali. Jiji limetapakaa kiasi kwamba kutoka kwangu mpaka kwa Babu kwa basi ni karibu saa mbili, kwa gari ni dakika ishirini na tano. Usiye na gari hukosi starehe, unakosa kazi.

Na kama kipimo chako cha umaskini ni kifo, nacho kipo. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2016 uliopitia kumbukumbu za kodi za Wamarekani: mwanamume aliye kwenye asilimia moja ya juu ya kipato anatarajiwa kuishi miaka 14.6 zaidi ya yule wa asilimia moja ya chini. Kwa wanawake pengo ni miaka 10.1. Wote hao wana friji.

Mama Junior Columbus

Mimi niko Ohio. Uzi mzuri kaka, ila umeanza na jirani mzungu na sisi weusi tumebaki nje ya picha. Maskini wa kizungu wapo, tena wengi, nenda huko milimani Kentucky na West Virginia ujionee. Lakini mizani haikuwahi kuwa sawa. Takwimu za benki kuu hiyohiyo za 2022: ukizipanga familia toka maskini mpaka tajiri, ile ya katikati kwa wazungu ina mali ya dola 285,000, kwa weusi 44,900. Watu wanadhani pengo hilo ni mishahara. Zaidi ni nyumba.

Miaka ya 1930 serikali yao ilichora ramani za miji, na mitaa ya weusi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake mkopo wa nyumba usipelekwe huko. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja 1968. Hesabu mwenyewe: babu wa mfanyakazi mwenzangu wa kizungu alinunua nyumba kwa mkopo wa dhamana ya serikali, mtoto akaiuza akasomesha, mjukuu akapewa pesa ya kuanzia. Babu wa jirani yangu mweusi alipanga maisha yake yote, na alikuwa na kazi kiwanda kilekile. Hapo hakuna mvivu.

Halafu sisi Waafrika tunakuja tunakuta hali hiyo, tunaanza kusema "hawa weusi wa hapa hawapendi kazi". Nimeyasikia maneno hayo kwenye harusi zetu na yananikera sana.

Kipande cha Muhogo

Dada umenena, na hilo la harusini nimelisikia sana hata huku.

Omogisii wa Baridi

Wadau, nawasoma toka Minnesota. Sitaki kuharibu stori lakini naona imeegemea upande mmoja. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Kisii. Nilifika hapa nikaanza na kazi kama ya mleta uzi, kuogesha wazee. Usiku nikawa nasoma chuo cha jamii, karo yake si ile ya kutisha mnayoisikia ya vyuo vikubwa. Leo mimi ni muuguzi aliyesajiliwa, mke wangu pia, tuna nyumba na basement imejaa watu wa nyumbani waliofika juzi. Kenya ningefanya hivyo na nani? Ungehitaji kujuana na mtu kwa hiyo ofisi, utoe kitu kidogo, na bado ungoje. Hapa mtihani ni mtihani. Ukipita umepita. Msiwakatishe vijana tamaa.

Kipande cha Muhogo

@Omogisii wa Baridi hongera sana, na hilo la mtihani kuwa mtihani nakuunga mkono. Kwenye ngazi zetu hizi za kati na chini, hawaangalii umetokea wapi. Ndiyo maana wengi wetu tunapanda.

Ila panda juu zaidi uone. Kwenye vile vyuo vinavyozalisha majaji na mabosi wa benki, watafiti walichapisha 2023 kwamba mtoto wa familia ya asilimia moja ya juu ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia kuliko mtoto wa familia ya kati mwenye alama zilezile za mtihani. Sababu kubwa mojawapo ni kwamba vyuo vingi kati ya hivyo vimekuwa vikiwapendelea watoto wa waliosoma hapo zamani. Ulisema kujuana kuko kwetu? Huku kuna fomu yake.

Na kwa wenyeji kupanda kumekuwa kugumu. Waliozaliwa 1940, takriban asilimia 90 walikuja kupata kipato kikubwa kuliko wazazi wao. Waliozaliwa miaka ya 1980 ni kama nusu tu. Wewe na mimi tunafika wakati ngazi inawayumbisha wao, na sisi tunaiona ndefu kwa sababu tumeanzia chini kabisa.

Mwalimu Mstaafu Dodoma

Vijana salaam. Nimefuatilia. Swali langu: Marekani shule za serikali si bure mpaka kidato cha mwisho? Kama elimu ni bure, mtoto wa huyo mama wa mgahawa na mjukuu wa huyo Babu wanakaa darasa moja. Baada ya kizazi kimoja tofauti ingefutika. Kwa nini haifutiki?

Kipande cha Muhogo

Shikamoo Mwalimu. Hili ni swali lililonisumbua nilipofika, nikalifuatilia, na jibu lake liko hapahapa Texas. Vumilia urefu.

Shule ni bure kweli. Lakini sehemu kubwa ya pesa za kuiendesha inatoka kwenye kodi ya majengo ya eneo lenyewe, na eneo la shule lina mipaka yake. Nyumba za thamani kubwa, shule yenye pesa. Nyumba za hovyo, shule inaokoteza.

San Antonio, saa tatu kwa gari kutoka hapa, kuna eneo la shule linaitwa Edgewood, wakazi wake wengi wana asili ya Mexico. 1968 wanafunzi walitoka madarasani wakagoma: majengo mabovu, walimu wasio na sifa. Wazazi wakaenda mahakamani, jina la kwanza kwenye kesi likiwa la Demetrio Rodriguez. Sasa sikiliza hesabu iliyofika mbele ya majaji. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wakapata dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, mtaa wa wenye nazo katika jiji lilelile, walijitoza senti 85 tu, wakapata dola 333 kwa mwanafunzi. Maskini alikuwa anajikamua zaidi, anapata kidogo.

Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua 1973, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba Katiba ya taifa haitambui elimu kuwa haki ya msingi, kwa hiyo mfumo ule haujavunja Katiba. Thurgood Marshall, ambaye kabla ya kuwa jaji ndiye aliyeshinda kesi ya kuondoa ubaguzi wa rangi mashuleni mwaka 1954, aliandika kupinga. Wazazi wa Edgewood hawakuchoka, wakarudi kwenye mahakama ya jimbo, na 1989 mahakama ya juu ya Texas ikasema mfumo ule unakiuka katiba ya jimbo. 1993 ikapita sheria ambayo watu waliibatiza Robin Hood: maeneo yenye mali nyingi yachangie maeneo maskini. Ipo mpaka leo, na kila mwaka matajiri wanailalamikia.

Ilipunguza pengo. Haikulifuta, kwa sababu wazazi wenye uwezo wana mlango mwingine. Mkwe wa Babu yuko kwenye kamati ya wazazi. Wanafanya chakula cha jioni cha harambee, wanauza kwa mnada wiki moja kwenye nyumba ya mtu ya mapumziko, na pesa zinanunua vyombo vya muziki na msaidizi wa mwalimu wa sayansi. Kila kitu kwa nia njema kabisa! Shule ya watoto wa jirani yangu nayo ina kamati ya wazazi. Mikutano yao ni saa kumi na mbili jioni, saa ambayo yeye ndiyo anafunga aproni.

Kwa hiyo hapa watu hawanunui nyumba, Mwalimu, wananunua shule. Matangazo ya nyumba yanaonyesha alama za shule kabla hujaona picha ya jiko.

Mwalimu Mstaafu Dodoma

Marahaba. Hizo 26 na 333 nimeziandika daftarini.

Toka Nyarugusu

Bandugu, mie ni Mukongomani, niko Louisville, Kentucky. Tulikaa kambi ya Nyarugusu huko Kigoma miaka mingi mbele ya kuletwa huku. Nataka niongeze kitu moja. Sisi wakimbizi tulifika tukiwa na deni. Tiketi za ndege IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, ilitupatia kwa mkopo, hauna riba, lakini ni mkopo. Familia kubwa kama yetu deni ni maelfu ya dola, na kisha miezi michache barua inakuja, unaanza kulipa. Hata hujajua kusema asubuhi njema kwa Kiingereza.

Lakini kuna maajabu: ule mkopo ukiulipa vizuri unakupandishia zile alama zao za mkopo, namba ya kuonyesha kama unalipa madeni vizuri. Huku bila alama hauko mtu. Mwenye nyumba anaziangalia, muuza gari anaziangalia. Baba yangu alikuwa mwenye heshima kijijini, watu walikuja kwake kuamuliwa kesi. Huku mtoto wa dukani aliangalia kompyuta akamuambia hana historia.

Kipande cha Muhogo

@Toka Nyarugusu pole na safari, na asante sana. Hizo alama zinatoka 300 mpaka 850, na majimbo mengi, Texas ikiwemo, yanaruhusu kampuni za bima ya gari kuzitumia kupanga bei. Hujawahi kugonga hata kuku, lakini kwa kuwa ulichelewesha madeni, bima inapanda. Jirani yangu baada ya sakata la bredauni alikipata hicho pia.

Na upande wa pili niuseme. Siku moja mshauri wa fedha wa kina Babu alikuja, wakaongea mezani mimi namlisha uji wa shayiri. Nilichokisikia ni kwamba mwenye hisa nyingi haziuzi, maana akiuza analipa kodi ya faida. Anakopa kwa kuziweka dhamana, kwa riba ndogo, anaishi na mkopo. Akifa, warithi wanahesabiwa kana kwamba wamezipata kwa bei ya siku ya kifo, na faida yote ya miaka ya nyuma haitozwi ile kodi. Yote ni halali, imo kwenye sheria. Mkopo wa mama wa mgahawa ulimkausha, mkopo wa Babu unamkuzia.

Sina Nauli

Sawa mkuu, nimeanza kukuelewa. Lakini mbona na wewe upo? Kama mambo ndiyo hayo si urudi?

Kipande cha Muhogo

Swali la haki. Nitakujibu bila kuzunguka.

Mimi si maskini wa aina ya jirani yangu, ingawa kipato chetu kinakaribiana. Dola ninayobana hapa ikivuka bahari inageuka tofali. Nina kiwanja Kigamboni, msingi umeshatoka, mama anapokelewa hospitali akiwa na bima niliyomkatia. Nikidharauliwa hapa, nikitua Dar naitwa bosi, tena na watu waliosoma kuliko mimi. Jirani hana Dar. Yeye hapa ndiyo kwao, na amezaliwa akiambiwa nchi hii anayejituma anafika, kwa hiyo asipofika anajilaumu mwenyewe. Mimi nikikwama nalaumu mfumo na kupiga simu nyumbani. Usingizi wetu ni tofauti kabisa.

Kuna siku aliniuliza kwa nini huwa sionekani na mawazo. Sikujua nianzie wapi.

Mfano wa mwisho maana naona watu wanajadili umeme kule jukwaa la siasa. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliipiga Houston, wateja zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme, kwenye joto la Texas. Kwa Babu ulikatika, tukahesabu sekunde chache, jenereta la gesi pembeni ya nyumba likawaka lenyewe, hata saa ya jikoni haikupoteza dakika. Usiku nilirudi kwangu: giza, watu wamekaa kwenye magari yao injini zinawaka wapate ubaridi, nyama inatolewa kwenye friji inachomwa uani kabla haijaoza. Siku kadhaa hivyo. Mimi Mbongo niliyekulia mgao niliwafundisha watu kugandisha chupa za maji mapema na kutofungua friji ovyo. Nikawa profesa wa jengo zima.

Omogisii wa Baridi

Hahaha, profesa wa mgao! Hapo umeniua. Lakini uko na point kuhusu huyo mama. Sisi tukishindwa tuna shamba.

Binti Anajipanga

Kaka zangu na dada zangu, mimi nina ndugu kaniita Dallas, makaratasi yanaelekea kukamilika. Naombeni ya kuzingatia, maana mmenitisha.

Mama Junior Columbus

Mdogo wangu usiogope. Fungua akaunti ya benki wiki ya kwanza, chukua kadi ndogo ya mkopo, nunulia vocha au mafuta ya gari tu na uilipe yote kila mwezi. Usimdhamini mtu. Hata shemeji.

Kipande cha Muhogo

Na uliza habari ya bima ya afya kabla ya kuuliza mshahara. Hospitali haziruhusiwi kukufukuza emajensi, sheria hiyo ipo tangu 1986, lakini bili inakufuata nyumbani. Texas mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto, ujauzito wala ulemavu hapati bima ya serikali ya maskini hata awe hana senti, kwa hiyo mwajiri mwenye bima ni bora kuliko anayekuzidishia dola moja kwa saa. Usiingie hata siku moja kwenye yale maduka yenye bango la taa, ukikwama piga simu kwa ndugu, hata kama mmegombana. Na Dallas pale angalia kwanza treni na basi vinapita wapi, ndipo uchague pa kupanga.

Shifti yangu inaanza sasa hivi, mengine nitajibu nikitoka. @Mama Junior hilo la shemeji lina historia, likisimuliwa lifunguliwe uzi wake.